Nani Atapiga Hodi? Barua ya wazi kwa wanaoongoza makanisa ya Malindi na Lamu

Baba maaskofu, mapadre, makasisi, wachungaji, wazee wa kanisa, nanyi wenyeviti wa mabaraza ya parokia,

Tunawasalimu katika jina la Bwana. Tunaoandika ni makatekista, wainjilisti na viongozi wa jumuiya tunaotumika kati ya Gede na Mokowe, wa madhehebu zaidi ya moja. Ombi letu ni moja. Ziara za nyumbani ziwe kazi ya kwanza ya kanisa: zipangwe, zitengewe fedha, ziandikwe na zikaguliwe, kama mnavyokagua hesabu za ujenzi.

Mwaka 2023 ardhi ya msitu wa Shakahola, humu humu kaunti ya Kilifi, ilitoa miili zaidi ya 400, wengi wao wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwafundisha wafunge kula hadi kufa. Tangu hapo tumesikia mengi juu ya kusajili makanisa na kuwataka wahubiri wawe na vyeti. Hayo yana mahali pake. Lakini watu hawakuingia msituni kwa siku moja. Kwanza waliacha ibada walizozizoea, wakawatoa watoto shule, wakauza vitu, wakakata jamaa zao. Kila hatua ilionekana na jirani. Swali letu ni hili: muumini wa kanisa lako asipoonekana Jumapili 4 mfululizo, ni nani mwenye jukumu la kujua, na ni nani atakayekwenda kupiga hodi? Katika makanisa mengi tunayoyafahamu, jibu ni kwamba hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Chukueni parokia yenye familia 600 na padre mmoja. Akitembelea nyumba 5 kwa wiki, kwa wiki 46 za mwaka (tumemwachia likizo, mafungo na Juma Kuu), atafikia nyumba 230. Mzunguko mmoja utamchukua zaidi ya miaka 2 na nusu, na huenda akahamishwa kabla hajaumaliza. Sasa chukueni jozi 15 za waumini waliofundishwa, kila jozi nyumba 2 kwa wiki. Kwa wiki zile zile 46 ni ziara 1,380. Kila familia inafikiwa mara 2 kwa mwaka, na zinabaki ziara 180 za wagonjwa, waliofiwa na waliojifungua. Padre mwenyewe anabaki na zile nyumba 5 zake za wiki, lakini sasa anajua ni zipi, kwa sababu jozi zimemwambia pa kwenda. Yethro alimpa Musa shauri hili hili katika Kutoka 18, na Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Wawili wana faida ya wazi: mmoja anazungumza, mwenzake anaona. Tena hakuna anayeweza kuzushiwa jambo kwamba aliingia nyumba ya mtu peke yake.

Jozi zichaguliwe kwa uangalifu. Msiwachukue wasemaji hodari wa kanisani, wachukueni wale ambao watu huwapelekea siri zao bila kuombwa. Mmoja wa jozi awe anajua lugha ya nyumba. Bibi wa Jilore au Langobaya ataitikia Kiswahili kwa adabu, kisha atasema linalomuuma kwa Kigiriama. Hongwe na Mpeketoni wako wazee wanaolia kwa Kikikuyu. Na kabla ya kutumwa, kila jozi ifundishwe jioni 4 za saa mbili mbili: kusikiliza, kutunza siri, kusali kwa ufupi, na kutambua hatari ambayo lazima ipelekwe mbele.

Ziara zifuate kalenda ya watu, si ya ofisi. Wafanyakazi wa hoteli za Malindi na Watamu hawapatikani Desemba hadi Machi, wala Julai na Agosti. Ukiwakuta, wana usingizi. Miezi ya Aprili hadi Juni, hoteli zinapofunga au kupunguza watu, wako nyumbani, hawana mshahara, na ndoa nyingi hugombana wakati huo. Hiyo ndiyo miezi ya kuongeza ziara Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo. Mvuvi muulize bahari ikoje kabla hujamwekea siku. Wanaofanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa hurudi wamechoka, nyumba zao zitembelewe siku ya mapumziko.

Ziara yenyewe ni dakika 40. Arifu siku mbili kabla, kwa mtu au kwa simu, ili mama asikutwe ovyo akaona haya. Piga hodi, subiri karibu. Keti ulipoketishwa, hata kama ni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na maji ukipewa yanywe. Uliza majina ya wote wanaolala humo, pamoja na mtoto wa shangazi aliyeletwa kusaidia kazi na babu aliyelala chumba cha nyuma. Mara nyingi wale wasiotokeza sebuleni ndio ziara imewafuata. Dakika 20 za kwanza ni zao, wewe sikiliza. Kisha kifungu kifupi cha Maandiko, mistari 5 au 6, na uliza tuombee nini. Sala isizidi dakika 3. Anayesali robo saa nyumbani kwa mtu huwa ameanza kuhubiri huku amefumba macho, na hotuba hiyo humlenga mwenye nyumba. Ondoka kabla jiko halijawashwa kwa ajili yako.

Ukiahidi jambo, litimizwe ndani ya siku 14, au urudi useme limeshindikana. Ahadi moja iliyosahauliwa inafunga mlango kuliko miezi sita ya kutotembelea.

Sasa jambo linaloharibu ziara kuliko yote: kitabu cha risiti. Tumeona mipango mizuri ikifa kwa sababu aliyekuja kusali alitaja mwishoni harambee ya paa, au zaka iliyochelewa. Habari hiyo hutangulia mtaani. Nyumba ya tatu mtoto anatumwa mlangoni kusema mama hayupo, na mama yuko nyuma ya pazia. Tunaomba iwe sheria iliyoandikwa: anayetembelea hakusanyi, anayekusanya hatembelei. Wawe watu tofauti, wasibadilishane hata wiki moja. Wala jozi zisibebe fedha za kutoa. Haja ya chakula au karo ipelekwe kwa kamati ya huruma, nayo iamue kwa kikao. Jozi ikianza kugawa noti za mfukoni, nyumba zisizopewa zitahesabu.

Kosa jingine ni kutembelea wanaotoa. Angalieni orodha za ziara za viongozi kwa mwaka mmoja uliopita, kama zipo, mtaona majina yale yale: mwenye duka, mwalimu mkuu, mwenye gari la kumrudisha padre. Hatusemi wasitembelewe, mwenye duka naye ana usiku wake mrefu. Tunasema mpangilio ufuate mtaa, nyumba kwa nyumba, ili asiwepo wa kurukwa kwa sababu hana kiti cha kumkalisha mgeni.

Daftari moja la kurasa 96 linatosha jumuiya moja. Ukurasa mmoja kwa kila nyumba: majina, umri wa watoto, nani amebatizwa, tarehe za ziara, lililoombwa, linalofuata. Liandikwe baada ya kuondoka, kamwe si mbele ya watu. Mwenye nyumba akiona kalamu ananyamaza. Lisiandikwe ugonjwa wa mtu, deni lake, wala lililosemwa kwa siri. Lifungiwe ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia habari za waumini, na kabla ya sheria hiyo ilikuwepo heshima. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pa kuandika kwamba dada fulani amelazwa na ana nini. Andikeni tu, "Tuombee mwenzetu mgonjwa." Wanaohitaji kujua zaidi watapigiwa simu.

Kuna mambo mawili ambayo jozi haina ruhusa ya kuyaweka moyoni hadi ziara ijayo.

La kwanza ni wazee. Hapa Kilifi mzee mwenye mvi huanza kuitwa mchawi polepole. Kwanza wajukuu hawatumwi kwake. Kisha watu hawagusi chakula chake. Kisha kijana mmoja anayetaka shamba ligawanywe anatamka neno matangani, na baada ya hapo ni suala la usiku upi. Jozi ikisikia neno hilo, siku hiyo hiyo mchungaji aambiwe, naye aende mwenyewe mchana, aketi na mzee nje ambapo majirani wanaona, ale cha nyumba ile. Chifu na polisi waarifiwe siku hiyo. Suala la ardhi, ambalo mara nyingi ndilo kiini, liitishiwe kikao cha ukoo mbele ya chifu. Na tunawasihi sana, ninyi mnaosimama madhabahuni: msiseme kwamba kuna mtu katika ukoo "anayekufunga" au "anayekula nyota yako." Hamjui neno hilo litabebwa hadi boma gani jioni ile, wala aliyelibeba ana nini mkononi.

La pili ni kipigo na unajisi. Katika ugomvi wa kawaida wa ndoa tunashauri kiongozi asimsikilize mmoja zaidi ya mara mbili bila mwenzake, maana ukisikia upande mmoja kwa miezi unakuwa wakili. Lakini pakiwa na kipigo, utaratibu hugeuka: usiwakalishe pamoja. Mwanamke hatasema kweli mbele ya mkono uliompiga, na akisema, atalipia nyumbani. Kwanza afikishwe mahali salama, kisha hospitali, kisha polisi, ambako kuna fomu ya P3 ya kuandikia majeraha. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kuisha, kwa ajili ya dawa za kuzuia HIV, asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Nambari 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya watoto, zote hazina malipo. Zibandikwe kwenye mlango wa kanisa. Na mtoto aliyenajisiwa si jambo la wazee kukaa chini ya mwembe wakapatana mbuzi. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Kiongozi wa kanisa anayesimamia mapatano hayo anamficha mhalifu, hata kama nia yake ilikuwa amani.

Mathayo 18 mara nyingi husomwa vibaya katika mambo haya. Hatua zake, wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa, zinafaa ndugu wawili waliokoseana. Zinafaa sana kwa kwaya iliyogawanyika au kwa mweka hazina aliyetoa maneno makali. Hazikuandikwa ili mtoto apelekwe peke yake kwa aliyemdhuru.

Tuje kwenye jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua miaka ya 1970 kwamba hizi ndizo ziwe msingi wa maisha ya kanisa. Ni karibu miaka hamsini sasa, na nyingi zimebaki matawi ya kukusanya michango. Zilivyoundwa, familia 8 hadi 15 zinazoweza kufikiana kwa miguu hukutana juu ya Injili. Zikizidi 20, gaweni, kwa kuwa juu ya hapo nusu ya watu hawasemi kitu. Hatua saba za kushirikishana Neno zinajulikana: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kimya, kushirikishana, kutafuta la kutenda, kusali. Huharibika mahali pawili. Kimya hukatwa, kwa sababu kiongozi anakiogopa. Apewe saa, akae dakika 3 kamili. Na hatua ya sita, ya kutafuta la kutenda, hurukwa kwa sababu giza limeingia, ilhali ndiyo inayomaliza na "fulani aende kwa mzee Kahindi Alhamisi na maji ya kunywa" (jina ni la mfano tu). Bila hatua hiyo kilichobaki ni darasa la Biblia. Anzeni saa kumi na moja jioni, michango itajwe dakika 5 za mwisho, na hesabu zake zisomwe mara moja kwa mwezi.

Jambo dogo linaloua jumuiya ni chai. Nyumba ya kwanza inatoa chai ya rangi. Ya pili mahamri na mbaazi. Ya tatu pilau. Wiki ya nne ni zamu ya mjane, naye anasema amesafiri. Tangu siku hiyo haonekani, na watu wanasema amepoa kiimani. Amueni kwa parokia nzima: maji ya kunywa tu, kila nyumba, hata kwa mwenye uwezo. Viongozi wakuu walitangaze wenyewe, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa hawezi kumzuia tajiri wa mtaa.

Lamu ina hali yake. Kisiwani Wakristo ni wachache, na wengi ni wageni: walimu, wauguzi, maaskari, vibarua, mabaharia. Tangu gati la kwanza la bandari lianze kazi 2021, bara ya Lamu imeongeza wanaume wanaoishi peke yao katika vyumba vya kupanga, na parokia zao za asili ziko mbali sana. Hawamo kwenye orodha yoyote. Wanafika ibada mara moja, wanakaa nyuma, hakuna anayewauliza jina. Jozi moja pale Mokowe na moja Hindi ziwe na kazi hiyo tu: kuwasalimu waliokaa nyuma, kuchukua jina na namba, kuwatafuta ndani ya siku 7. Na Mpeketoni, ambako wengi walipoteza wapendwa wao katika mashambulizi ya Juni 2014, Juni isipite bila nyumba za waliofiwa kufikiwa. Miaka mingi imepita, lakini nyumba hizo hazihitaji hotuba, zinahitaji mtu wa kukaa nao.

Jirani zetu Waislamu nao wamo katika kazi hii. Mtakatifu Fransisko Xaveri alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea India, aliandika kwamba Mwislamu mmoja mashuhuri wa mji alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ni 3 tu iliyokuwa na watu, akamuuliza kama Wakristo nao wamepungua ibada hivyo. Waliweza kuulizana swali la ndani namna hiyo, mtu na mgeni wake. Jozi ikipita mtaani imsalimu na jirani Mwislamu, hasa kwenye msiba na siku ya Idi. Mwezi wa Ramadhani ziara za jioni zisigongane na futari ya nyumba ya pili, na vipaza sauti vigeuzwe ndani. Tena jirani huyo ndiye anayejua kwanza kwamba Mkristo wenu hajatoka ndani siku tatu.

Sasa juu yenu wenyewe, na tunasema kwa upendo. Padre au mchungaji wa bara ya Lamu anaweza kumaliza wiki mbili bila mtu wa kuzungumza naye kama rafiki. Mpweke hufanya mojawapo ya matatu: hufunga mlango, hunywa, au huhamia familia moja inayomlisha, na familia hiyo ikawa ndiyo inayoongoza parokia. Tunaomba siku 1 kamili ya mapumziko kila wiki, itangazwe, na simu ishikwe na katekista. Tunaomba wachungaji jirani 4 au 5 wakutane mara moja kwa mwezi, wale pamoja, waungamane mizigo, bila ajenda ya dayosisi. Ushauri wa faragha ufanyike ofisini mchana, mlango uwe na kioo, mtu mwingine awe kwenye benchi nje, kila kikao dakika 45. Kikao cha tatu kikifika bila nafuu, mkabidhi mtaalamu au mwenzako. Usimkopeshe muumini, usikope kwake. Deni kati ya mchungaji na kondoo hugeuza kila hotuba kuwa fumbo.

Nauli za jozi zitoke kwenye mfuko wa kanisa. Wengi wetu tunatumika kwa posho isiyofika, au bila posho, na Marafa hadi Adu si mwendo wa miguu. Tunapendekeza shilingi 10 katika kila 100 za sadaka ya Jumapili ziwe za ziara, zisomwe hadharani kama zinavyosomwa za saruji.

Kwa maaskofu na wakuu wa makanisa tuna neno la pekee, kwa sababu hili ni lenu peke yenu. Mchungaji anapohamishwa, anakabidhi funguo, hati, kitabu cha benki na daftari la ubatizo. Watu hakabidhi. Anaondoka na yote anayoyajua: nani ameacha pombe juzi, nani anampiga nani, mama yupi hajala sakramenti miaka 6 na kwa nini ana haya. Mgeni anaanza upya, na waliokuwa wakikaribia wanarudi nyuma. Wekeni wiki 2 ambazo anayetoka na anayeingia wako pamoja. Katika wiki hizo watembee kwa miguu yao nyumba 20 zenye uzito zaidi. Mambo ya kitubio yabaki yalipo. Katika nyumba nyingine, anayetoka aombe ruhusa ya mwenye nyumba, aseme mbele yake, "Huyu ndiye utakayemwambia."

Tunaomba mjibu barua hii kwa maandishi kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kama yote hamyawezi mwaka huu, anzeni na jumuiya moja mjini Malindi, moja Magarini na moja Lamu bara, kwa miezi 6, na madaftari yakaguliwe mwezi wa tatu. Tuko tayari kufundisha jozi za kwanza, jioni 4, na madaftari tutanunua wenyewe.

Watumishi wenu,
makatekista, wainjilisti na viongozi wa jumuiya
Malindi na Lamu